Mapezi ya Injini
Neno pezi, ambalo kwa maana yake ya msingi ni kiungo chembamba kinachomsaidia samaki kuogelea, limehamishiwa kwenye injini ya pikipiki kutaja mabapa ya alumini yanayoizunguka silinda, yaani chumba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Umbo linafanana, ila kazi ni mbalimbali: pezi la mgebuka wa Ziwa Tanganyika husukuma maji, ilhali la injini halijongei, bali huongeza eneo linaloguswa na upepo ili joto litoke upesi. Kwa kazi hiyo, matamvua, viungo vya samaki vya kupumulia, yangestahili zaidi kuazimwa jina. Lakini lugha huona umbo kwanza.

Kasulu na Kibondo, ambako bodaboda nyingi hupozwa kwa hewa tu bila rejeta, udongo mwekundu hunata katikati ya mapezi wakati wa mvua, ukakauka na kulizuia joto, hata mafuta ya injini yakawa mepesi kupita kiasi na pistoni ikaikwaruza silinda. Usafi hungoja injini ipoe, kwa kuwa maji baridi huweza kuipasua alumini ya moto; udongo hulowekwa kwa maji ya sabuni, kisha hutolewa kwa kijiti na brashi, pezi kwa pezi, hasa upande wa nyuma usiofikiwa vizuri na upepo. Bisibisi isitumike, kwani pezi la injini kuukuu huvunjika kwa urahisi, na kulichomelea huhitaji fundi wa alumini, si kila mchomeleaji wa mageti.