Jina la Mabatini

Mtaa haujipi jina, wala haujipi sifa. Vyote viwili hutoka vinywani mwa watu, na mara nyingi ni watu wasiokaa humo. Chukua mfano wa Mabatini, kata ya jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara iendayo Nyakato na Musoma.

Jina lenyewe lina bati ndani yake. Vijana wa leo huenda wasijue kwamba bati liliwahi kuwa fahari. Katika Usukuma wa miaka ya 1950, enzi ya pamba na vyama vya ushirika, mkulima aliyeondoa nyasi akaezeka bati alihesabiwa kuwa ameendelea. Lakini kufikia siku zetu za ualimu, mtu wa mjini akisema "huyo ni wa Mabatini" alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

Kosa la Mabatini lilikuwa nini? Tunaambiwa ni mawe na mlima. Basi tutazame Capri Point. Nako ni mawe na mlima, wala hakuna aliyekucheka, kwa kuwa kulipimwa, kukapewa barabara na bomba la maji. Waliokuja kutafuta kazi bandarini, kwenye reli iliyofika mwaka 1928, na katika vinu vya pamba, walijenga palipobaki: juu ya miamba na bondeni kwa Mto Mirongo. Mvua ikinyesha, vyoo vya mlimani vilishuka na maji, mto ukafurika, watu wakaugua. Mji ukasema: wachafu hao.

Serikali nayo iliyumba. Mwaka 1972 iliamua kuacha kubomoa makazi ya namna hii na kuyaboresha, na kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mwanza ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza katika mpango wa viwanja vyenye huduma. Lakini mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na mkazi wa mtaa wa namna hii akatazamwa tena kama mzururaji wa kurudishwa kijijini.

Sifa mbaya ina gharama. Nikiwa mkuu wa shule, niliona wanafunzi wakiandika mtaa wa mjomba penye nafasi ya makazi. Mwajiri mmoja aliniambia waziwazi kwamba hachukui karani kutoka "kule". Kijana aliyemkataa alikuwa wa pili katika darasa lake.

Kisha zamu ya mji mzima ikafika. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, kuhusu sangara, umaskini na ndege za mizigo za Mwanza. Ilisifiwa sana Ulaya. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani, na wakazi waliandamana. Walalamikaji walisema: huyu mgeni ameona sehemu moja akatuhukumu sote. Naam. Ndivyo Mabatini ilivyohukumiwa miaka yote, na mahakimu walikuwa sisi majirani.

Kilichoanza kubadili mambo hakikuwa hotuba. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilitambua leseni za makazi na urasimishaji wa maeneo yasiyopimwa. Katika miaka ya 2010, mamlaka ya maji ya Mwanza ilianza kulaza mabomba membamba ya majitaka katika milima ambako gari la kunyonya vyoo haliwezi kupanda. Mwenye hati huthubutu kujenga kwa tofali, na mwenye choo kilichounganishwa hamwogopi mgeni.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1 katika Nyamagana na Ilemela, na sasa chumba kilicho karibu na katikati ya jiji ni mali. Hofu yangu imegeuka. Zamani maskini alidharauliwa kwa kukaa Mabatini. Isije kesho akaambiwa hawezi tena kukaa hapo. Sifa njema ya mtaa iwafae kwanza wale waliobeba ile mbaya.