Wastani wa Upepo na Ndege Ndogo za Kanda ya Ziwa

Tangu ndege ya Precision Air itumbukie ziwani Bukoba ikitua, tarehe 6 Novemba 2022, na kuua watu 19 kati ya 43, mjadala wa usalama wa anga Kanda ya Ziwa umejikita kwenye kutua. Si ajabu. Lakini kupaa nako kunaua: tarehe 23 Septemba 2019 ndege aina ya Cessna Caravan ilianguka ikipaa Seronera, watu wawili wakafa. Siitaji ajali hiyo kama ushahidi wa upepo. Hoja yangu ni kwamba rubani wa ndege ndogo anayepaa kando ya ziwa hupewa takwimu zinazomtuliza pasipo sababu.

Upepo wa ubavuni hupiga mkia, pua ikageukia unakotoka upepo na bawa la upande huo likataka kunyanyuka. Rubani hulaza usukani kuelekea upepo, huku mguu ukikanyaga pedali ya upande wa pili. Ndege nyingi za injini moja huvutwa kushoto na propela yenyewe, hivyo upepo wa kushoto huwa na adha zaidi. Mpigo wa ghafla ukizikuta wakati magurudumu yamekwisha kuwa mepesi, ndege hunyanyuka kabla ya wakati, hukosa nguvu, kisha hurudi chini mshazari na kuvunja mguu wa gurudumu. Kiwanja cha Mwanza kipo mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kama ya mita 2,000 hivi. Mbio za kupaa hurefuka, na muda wa hatari pamoja nazo.

Sasa tazama takwimu. Noti 15 za Cessna 172 si kikomo. Ni upepo wa ubavuni uliothibitishwa katika majaribio ya kiwandani. Nayo taarifa ya kawaida ya hali ya hewa viwanjani hutoa wastani wa dakika 10, na mipigo huandikwa pale tu inapozidi wastani huo kwa noti 10 au zaidi. Upepo wa noti 9 unaofika kilele cha 18 huandikwa 9, basi.

Kuna na ile kanuni ya kuruka asubuhi kukiwa shwari. Bara ni sahihi. Ziwani, pepo za nchi kavu hukutana usiku juu ya maji yenye joto na kuzaa radi hadi asubuhi, jambo ambalo mtafiti Wim Thiery na wenzake walilichambua mwaka 2016. Ajali ya Bukoba nayo ilitokea kuelekea saa 3 asubuhi, katika hali mbaya ya hewa.

Marubani wazoefu wa Mwanza wanalijua hilo kuliko mimi. Ratiba ya watalii hailijui. Kwa hiyo kikomo kinapaswa kuandikwa na kampuni yenyewe, kikihesabu kilele cha mpigo badala ya wastani, na rubani aruhusiwe kumsubirisha abiria mpaka dhoruba ipite, bila kuulizwa na ofisi.