Kifafa, Sonona na Msimu wa Mpunga

Louise Aall, daktari kijana kutoka Norwei, aliwasili Tanganyika mwaka 1959 baada ya kusomea magonjwa ya nchi za joto mjini Basel. Huko Mahenge, kwenye milima iliyo kusini ya bonde la Kilombero, alikutana na watu wenye makovu mabaya ya moto. Walikuwa na kifafa. Mtu aliweza kuangukia mafigani huku waliomzunguka wakiogopa kumgusa, kwa kuwa iliaminika kwamba mate ya mgonjwa yanaambukiza.

Hofu hiyo haikuishia jikoni. Mgonjwa alitengewa sahani yake na mahali pake pa kulala. Kuoa au kuolewa kukawa shida.

Na kazi je? Msimu wa mpunga, familia nyingi za Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, na vijiji vyake huhamia mashambani na kuishi kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, ili kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe pori. Mtu asiyejua ataanguka saa ngapi ni vigumu kuachwa huko peke yake: kuna ngazi ya kupanda, kuna moto, kuna maji. Basi wenzake wakihama, yeye hubaki. Asiyelima naye huhesabiwa mzigo.

Hapo ndipo sonona hupata njia, nayo huwapata wenye kifafa mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Si huzuni ya siku mbili tatu. Hukaa wiki baada ya wiki, ikimnyima mtu usingizi, hamu ya kula na nguvu za kushika jembe, hata siku ambayo hakuanguka. Jirani anayepita humwona amekaa kivulini asubuhi nzima, akamwita mvivu. Ni hukumu ya kikatili, kwa sababu anachokiita uvivu ni ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mwaka 1960 Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge. Dawa kuu ilikuwa fenobabitoni: rahisi, ya bei nafuu, lakini isiyotaka mzaha. Ukiikatisha ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kuishiwa vidonge wakati masika yameharibu barabara ilikuwa hatari kubwa. Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Jilek-Aall, alikwenda kusomea magonjwa ya akili na kuhamia Kanada, ila Mahenge hakuiacha. Wagonjwa wake walikuwa wamemwonyesha kwamba kutengwa huumiza kama kifafa chenyewe.

Ukubwa wa tatizo ulionekana wazi zaidi mwaka 1992, utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Ulanga, iliko Mahenge, ulipochapishwa. Kati ya watu wapatao 18,000 katika vijiji 11, wenye kifafa walikuwa 207. Tafiti za baadaye zimekihusisha kifafa cha huko na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi.

Kabla ya utafiti huo, katika miaka ya 1980, Morogoro, mkoa wenye wilaya ya Ulanga, ulikuwa mmoja wa mikoa miwili, pamoja na Kilimanjaro, iliyojaribu kupeleka tiba ya akili hadi kwenye zahanati, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Kwa mkulima wa Ulanga jambo hilo lilikuwa na uzito wa pekee. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyoanzishwa mwaka 1927, iko Dodoma, na safari ya kwenda huko ilianza kwa kusubiri pantoni ya mto Kilombero, ambao ulipata daraja pale Ifakara miongo mitatu baadaye.