Aspen: Mji wa mabwanyenye unaopigania wakazi wake

MJI wa Aspen, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, umejengwa katika mwinuko wa takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hicho ni kimo kinachokaribiana na kile cha Iten, huko Elgeyo Marakwet, ambako wanariadha wa Kenya hufanyia mazoezi. Lakini Aspen iko mbali na ikweta, katikati ya milima ya Rocky, na kuanzia Novemba hadi Aprili milima hiyo huvaa theluji nyeupe kutoka kileleni hadi bondeni.

Theluji hiyo ndiyo iliyoufanya mji mdogo wa watu wapatao 7,000 kuwa miongoni mwa vituo ghali zaidi duniani vya kuteleza kwa ski, vile vibao virefu vyembamba vinavyofungwa miguuni. Tiketi ya siku moja ya kupanda mlimani katika kilele cha msimu huzidi dola 200, na hapo mgeni hajalala wala hajala.

Kinachoitwa Aspen kwa hakika ni milima minne inayosimamiwa na kampuni moja. Aspen Mountain, ambao wenyeji huuita Ajax, husimama wima nyuma ya maduka ya mji na kufika mita 3,417. Mlima huo hauna hata njia moja ya wanaoanza kujifunza. Wanagenzi hupelekwa Buttermilk, kwenye miteremko ya upole. Aspen Highlands hupendwa na mahodari, ambao hubeba ski zao mabegani na kupanda kwa miguu hadi ukingo wa bonde la juu kabla ya kujitosa. Snowmass, ulio umbali wa kilomita chache, ni mkubwa kuliko hiyo mitatu ikijumlishwa pamoja.

Hata hivyo, vituo vyenye milima mizuri ni vingi. Aspen ilijipatia jina kwa sababu nyingine: ilikuwa mji halisi kabla ya kuwa kituo cha starehe. Ina mitaa ya nyumba za mbao na matofali za karne ya 19, jumba la michezo ya kuigiza, magazeti yake na siasa zake kali. Vituo vingi vya aina hiyo vilichorwa na wahandisi kwenye karatasi, kisha vikajengwa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Aspen ilirithiwa.

Waliorithiwa kwanza, pasi na hiari yao, ni Wayuti, wenyeji asilia wa mabonde hayo. Mkataba wa 1868 uliwatengea sehemu kubwa ya magharibi mwa Colorado, lakini wachimbaji madini walivuka milima mwaka wa 1879 wakitafuta fedha, na kufikia 1881 Wayuti wengi wa eneo hilo walikuwa wamefurushwa hadi Utah. Kambi ya kwanza ya wachimbaji iliitwa Ute City, kana kwamba jina lingefidia ardhi. Mwaka wa 1880 hata jina hilo lilifutwa. Kaunti ya eneo hilo nayo ilipewa jina la Frederick Pitkin, gavana aliyeshinikiza Wayuti waondolewe.

Fedha ilipatikana kwa wingi wa kustaajabisha. Sensa ya 1890 ilihesabu zaidi ya watu 5,000. Jerome Wheeler, tajiri aliyekuwa mshirika katika duka maarufu la Macy's jijini New York, alijenga hoteli na jumba la maonyesho ambayo yote yalifunguliwa mwaka wa 1889 na yangali yanatumika hadi leo. Aspen ilikuwa pia miongoni mwa miji ya mwanzo ya magharibi mwa Marekani kuwashwa taa za umeme.

Kisha ukaja mwaka wa 1893. Serikali ya Marekani ilifuta sheria iliyoilazimu kununua fedha kila mwezi, bei ikaporomoka, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kwa kejeli ya majaliwa, mwaka uliofuata mgodi wa Smuggler ulitoa bonge la fedha lenye uzito wa zaidi ya kilo 800, wakati ambapo soko lake lilikuwa limekwisha kuvurugika. Kufikia sensa ya 1930, Aspen ilikuwa na wakazi 705. Wenyeji husimulia zama hizo kama miaka ya utulivu: mifugo, viazi, na nyumba ambazo ungeweza kuzipata kwa kulipa kodi zilizolimbikizwa.

Umaskini huo ndio uliohifadhi mji. Hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa nyumba za zamani.

Wazo la ski lilianza mwaka wa 1936. Billy Fiske, bingwa wa Olimpiki wa mashindano ya sleji, alishirikiana na wenzake kujenga nyumba ya wageni nje ya mji na kumleta mpanda milima wa Uswisi, André Roch, achunguze miteremko. Roch aliwafundisha wenyeji na kuchora njia ya kwanza kwenye Aspen Mountain, iliyofyekwa kwa mikono ya watu waliojitolea. Wapandaji walivutwa juu ndani ya sleji zilizofanana na mashua, zikiburutwa kwa kamba na mashine zilizokuwa zimebaki kutoka migodini. Vita Vikuu vya Pili viliukatiza mpango huo. Fiske alijiunga na kikosi cha anga cha Uingereza na kufariki mwaka wa 1940.

Lakini vita hivyo hivyo vikaleta mtu mwingine. Jeshi la Marekani lilikuwa na kikosi cha milimani kilichofanya mazoezi katika kambi ya Hale, upande wa pili wa safu hiyo ya milima. Miongoni mwa askari wake alikuwa Friedl Pfeifer, mzaliwa wa Austria na mwalimu wa ski. Aliiona Aspen mwaka wa 1943, akaapa kurudi, na baada ya kujeruhiwa vibaya nchini Italia mwaka wa 1945, alirudi.

Pfeifer alikuwa na maarifa bila mtaji. Mtaji ulitoka kwa Walter Paepcke, mwenye viwanda vya makasha ya karatasi jijini Chicago, ambaye mkewe Elizabeth alikuwa ameutembelea mlima huo miaka kadhaa awali. Paepcke hakuvutiwa sana na ski. Alitaka mahali ambapo wenye viwanda, wanafalsafa na wanamuziki wangekutana, mwili na akili vikapumzika pamoja. Alinunua nyumba kuukuu kwa bei ya kutupa, akaikodi hoteli ya Wheeler, na akamleta Herbert Bayer, msanii na mchoraji wa majengo aliyetokea shule ya Bauhaus ya Ujerumani. Paepcke alijitolea kuwapa wenyeji rangi ya bure kupaka nyumba zao, mradi Bayer ndiye achague rangi zenyewe. Baadhi yao walikataa katakata. Ugomvi huo mdogo ulikuwa dalili ya mengi yaliyokuwa yakija.

Januari 1947 lifti ya viti ilizinduliwa rasmi, ikiwa ndefu kuliko zote duniani wakati huo. Mwaka wa 1949 Paepcke aliandaa tamasha la kuadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa mshairi wa Kijerumani, Goethe. Mgeni mkuu alikuwa daktari Albert Schweitzer, aliyesafiri kutoka hospitali yake ya Lambaréné, katika nchi ambayo sasa ni Gabon. Hakuwahi kuzuru Marekani tena. Kutokana na mkutano huo zilizaliwa Taasisi ya Aspen, ambayo hadi leo hukutanisha viongozi wa dunia, na tamasha la muziki la kila msimu wa joto. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia ya ski yalifanyiwa hapo, kwa mara ya kwanza nchini Marekani.

Tangu hapo ukuaji haukusita. Buttermilk na Highlands zilifunguliwa mwaka wa 1958, Snowmass mwaka wa 1967. Vijana waliochoshwa na miji mikubwa walihamia huko kufanya kazi za mikahawani na kuteleza mchana. Mwandishi Hunter S. Thompson, mmoja wa wahamiaji hao, aliwania wadhifa wa mkuu wa polisi wa kaunti mwaka wa 1970. Alitaka barabara za lami za mji zing'olewe zipandwe nyasi, na Aspen ibadilishwe jina iitwe Mji Mnono, ili walanguzi wa ardhi waone haya kuliuza. Alishindwa, na wengi walicheka. Lakini miaka michache baadaye wapiga kura waliwachagua viongozi waliopunguza kwa sheria idadi ya nyumba zinazoweza kujengwa.

Hapa ndipo penye fundo la kisa cha Aspen. Kudhibiti ujenzi kuliokoa mandhari, lakini pia kulifanya kila nyumba iliyopo kuwa adimu. Na kilicho adimu hununuliwa na mwenye nacho. Mwaka wa 1978 kampuni ya filamu ya Twentieth Century-Fox, iliyotajirika kwa faida ya filamu ya Star Wars, iliinunua kampuni ya ski. Familia ya Crown ya Chicago iliingia mwaka wa 1985 na kuimiliki yote kuanzia 1993. Kigari cha waya kinachopanda Ajax kwa takriban robo saa kilizinduliwa mwaka wa 1986, na hoteli ya kifahari ya The Little Nell ikafunguliwa chini yake mwaka wa 1989. Maduka ya misumari na mboga yaliwapisha Gucci, Prada na Louis Vuitton. Katika uwanja wa ndege, ndege za kibinafsi huzishinda kwa wingi zile za abiria wa kawaida.

Wenyeji wana mzaha wao: kwamba mabilionea wamewafukuza mamilionea. Mzaha huo unaficha jambo zito. Nyumba nyingi za mamilioni ya dola hukaliwa wiki chache tu kwa mwaka. Taa zake zikiwa zimezimwa, mtaa unabaki bila mtoto wa shule, bila jirani.

Ndiposa Aspen ikabuni mpango wa nyumba za wafanyakazi ambao ni nadra kupatikana kwingineko Marekani. Takriban nyumba 3,000 za mji na kaunti zimewekewa masharti. Anayetaka kuishi humo lazima afanye kazi katika kaunti angalau saa 1,500 kwa mwaka, na aikalie nyumba yenyewe miezi tisa. Akiiuza, bei haiwezi kupanda kwa zaidi ya asilimia chache kila mwaka, hata kama nyumba ya jirani isiyo na masharti imepanda maradufu. Sehemu ya pesa hutokana na kodi inayotozwa kila nyumba inapouzwa, iliyopitishwa na wapiga kura mwaka wa 1989. Hivyo, kila bwanyenye anaponunua kasri humchangia mwalimu, muuguzi au dereva, apende asipende.

Mpango huo haukuwafikia wote. Wafagiaji, wapishi na mafundi, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, huishi bondeni katika miji ya Basalt, Carbondale na Glenwood Springs, ambao uko kilomita 64 kutoka Aspen. Mwaka wa 1999 baraza la mji lilipitisha azimio la kuitaka serikali kuu ipunguze uhamiaji, likitaja uharibifu wa mazingira, huku vitanda vya hoteli vikitandikwa na wahamiaji hao hao. Mwaka wa 2013 bonde hilo lilipata mfumo wa mabasi ya mwendo wa kasi, wa kwanza wa aina yake katika eneo la mashambani nchini humo. Alfajiri mabasi hupanda yamejaa, na jioni huteremka yamejaa.

Kuna tishio jingine ambalo sheria za mji haziwezi kulizuia. Majira ya baridi yamekuwa yakifupika tangu miaka ya 1980, na mitambo ya kutengeneza theluji hutegemewa zaidi mwanzoni mwa msimu. Tangu 2015 mji hununua umeme usiotokana na mafuta wala makaa, ingawa ndege za wageni wake hazikuhesabiwa humo.

Mnamo Desemba 2021 baraza lilisitisha kwa muda vibali vya nyumba mpya za makazi na za kukodishwa kwa siku chache, na Novemba 2022 wapiga kura wakaidhinisha kodi mpya kwa nyumba hizo za kukodishwa. Wakati huo huo, wafanyakazi waliopata nyumba za masharti miaka ya 1980 wamestaafu, na kanuni zinawaruhusu kubaki. Wengi wamebaki, nao ni miongoni mwa watu wachache wanaoikumbuka Aspen ya mitaa yenye majirani. Muuguzi anayekuja kushika nafasi aliyoiacha mmoja wao huanzia foleni ya nyumba, na kabla zamu yake haijafika, hupanda basi la alfajiri kutoka Glenwood Springs.