Samaki wa Miambani kati ya Rumonge na Nyanza-Lac: Tuhifadhi Spishi au Mahali?

Sokoni Rumonge, nchini Burundi, Ziwa Tanganyika ni mukeke, ndagala na sangala. Hao huvuliwa mbali na ufuko, wengi wao usiku kwa mwanga wa taa. Ndio wanaolisha mji, na ndio wanaohesabiwa katika takwimu za uvuvi. Lakini sifa ya ziwa hili katika sayansi imetoka kwenye miamba ya ufukoni, ambako wanaishi samaki wadogo wa familia ya sikilidi. Ziwa zima lina spishi zipatazo 240 za familia hiyo, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Hoja ya makala haya ni kwamba hifadhi ya samaki hao inapwaya kwa sababu tunawahesabu kwa spishi, ilhali maisha yao yamegawanyika jabali kwa jabali.

Tuchukue jenasi Tropheus. Spishi yake ya kwanza, Tropheus moorii, ilielezwa na Boulenger mwaka 1898 na kupewa jina la Moore, Mwingereza aliyewakusanya samaki hao. Tropheus brichardi, wa rangi ya kahawia, ilielezwa mwaka 1975. Hadi leo spishi zenye majina rasmi hazifiki kumi, lakini aina zinazotofautiana kwa rangi kutoka kipande kimoja cha ufuko hadi kingine zinakaribia mia au zaidi. Sababu iko katika mwenendo wa samaki mwenyewe. Kutwa nzima hukwangua mwani juu ya mawe. Jike hutaga mayai machache tu, huyatia kinywani na kuyalea humo kwa takribani mwezi mmoja, kisha vifaranga huachiwa palepale penye mawe. Samaki huyu haachi miamba. Ghuba ya mchanga, ambayo mtu huivuka kwa miguu kwa muda mfupi, kwake ni mpaka ambao vizazi kwa vizazi havijauvuka.

Mwaka 1992, Sturmbauer na Meyer walichunguza vinasaba vya jenasi hii. Waligundua kwamba tofauti za kinasaba ndani ya Tropheus peke yake ni mara sita ya zile za sikilidi wote wa Ziwa Viktoria, ingawa kwa umbo samaki wenyewe karibu wanafanana. Anayepima mapezi na kuhesabu magamba ataona samaki mmoja. Historia ya koo zao inaonyesha wengi.

Umbo limewahi kupotosha hata zaidi ya hapo. Moore, aliyeandika kitabu kizima juu ya fumbo la Tanganyika mwaka 1903, aliona konokono wa ziwa hili wenye magamba mazito wanafanana na wa bahari ya kale, akaamini kwamba zamani bahari ilifika huku. Baadaye ilibainika kwamba konokono hao walibadilika humuhumu ziwani, wakishindana na kaa wanaovunja magamba. Na samaki mwingine wa familia hiyo ya sikilidi, asiye wa jenasi Tropheus, aliyebeba jina la Pierre Brichard, msafirishaji wa samaki wa mapambo aliyekuwa Bujumbura, aliwekwa kwenye daraja la nususpishi mwaka 1952 na kufanywa spishi mwaka 1974. Mwaka 2007 utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba mistari ya shavuni inayomtenga na jirani yake haifuati nasaba, na watafiti wakapendekeza wawili hao waunganishwe. Siwalaumu wataalamu wa uainishaji. Kazi yao ni kurekebisha majina kila ushahidi unapobadilika. Tatizo ni kuifunga hifadhi kwenye majina hayo. Jina likiunganishwa na jingine, ulinzi wake unapungua. Likifunika ufuko mrefu, kipande kimoja kinaweza kufa chote huku orodha ikiendelea kusema, kwa haki kabisa, kwamba spishi ipo.

Na vipande hivyo vinakufa kwa udongo. Milima inayoinuka nyuma ya Rumonge ni mikali na imelimwa sana. Mvua ikinyesha, mito kama Dama na Murembwe hushuka na maji mekundu. Tope hutua juu ya mawe, huchanganyika na mwani ambao samaki anaukwangua, kisha huziba nyufa anamojificha. Cohen na wenzake walilinganisha sehemu za ziwa zenye tope jingi na zenye tope kidogo, na mwaka 1993 wakaeleza kwamba penye tope spishi zilikuwa chache zaidi. Kanuni ya Maji ya Burundi ya 2012 inalinda ukanda wa mita 150 kandokando ya ziwa. Ni hatua njema, ila udongo huo unatoka kilometa kadhaa juu, kwenye mashamba ya mihogo na michikichi.

Wapo watakaosema kwamba katika nchi yenye watu wengi na ardhi finyu, fedha ziende kwanza kwa ndagala. Nawaelewa, kwa kuwa ndagala ni chakula. Lakini ndagala hana mpaka: kumlinda kunahitaji Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zifuate kwa pamoja mkataba zilioutia saini mwaka 2003, na hata hivyo joto la ziwa linaloongezeka haliko mikononi mwao. Jabali liko chini ya tarafa moja. Tanzania imeingiza ukanda wa maji wa kilometa 1.6 katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, lakini ufuko wa Burundi hauna nafasi ya kuwahamisha watu ili kutenga ukanda kama huo, wala haipaswi kufanyika hivyo. Kinachowezekana ni kulitazama jabali, kijito kinachomwaga karibu nalo na kilima chake kama eneo moja la hifadhi, na kuanza na miti kwenye kingo za kijito hicho, pamoja na wakulima wenyewe.

Biashara ya samaki wa mapambo imekwisha kulielewa jambo hili. Mnunuzi wa Ulaya anayeagiza Tropheus hutaka kujua alikovuliwa, na jina la mahali huandikwa kando ya jina la spishi. Kibali cha kumtoa samaki huyo nchini nacho kitaje jabali, na idadi ihesabiwe kwa jabali hilo, si kwa spishi nzima.