"Malipo Yote": Mwanamuziki na Riziki Yake

Mwaka jana alinijia nyumbani, hapa Gikundamvura, kijana mmoja mpiga gitaa. Siku za kazi kijana huyu hulima mpunga katika bonde la Bugarama. Jumamosi hupiga muziki arusini, mara upande wetu wa Rwanda, mara Kamanyola, ng'ambo ya Kongo. Alikuwa na karatasi ya mapatano iliyoandikwa kwa Kiswahili, maana mwenye arusi alikuwa mtu wa ng'ambo na Kiswahili ndiyo lugha waliyosikilizana. Aliniomba nimsahihishie sarufi. Sarufi haikuwa mbaya. Kilichonisimamisha ni maneno mawili tu: fedha zilizotajwa ziliitwa "malipo yote". Nikamwuliza: yote yapi? Je, tuzo za wageni zimo? Na yule atakayenasa nyimbo hizo kwenye chombo chake na kuziuza, naye je? Akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe nisahihishie maneno tu."

Lakini maneno hayo yana historia, na sisi walimu wa lugha tunayo haki ya kuichungulia.

Kwanza tuondoe dhana moja iliyoenea. Watu hudhani kwamba zamani mwanamuziki aliishi kwa muziki wake, na kwamba ni maisha magumu ya leo yaliyomlazimisha kushika jembe kwa mkono mmoja na gitaa kwa mkono wa pili. Sivyo. Katika nchi yetu hii wapiga inanga waliosifika walitegemea mwami na machifu. Walilipwa kwa hifadhi na kwa ng'ombe, nao waliimba habari za wale waliowahifadhi. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1961, mlango huo ulifungwa. Unguja nako, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alianza kwa kutembeza vyungu akiviuza mjini kabla ya sauti yake kumpeleka Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri pamoja na wenzake. Hata baada ya santuri, arusi na hafla za watu hazikuachwa, na humo ndimo yalimo malipo ambayo Kiswahili kimeyapa neno lake lenyewe: kutunza. Mtazamaji huinuka, humwendea mwimbaji, humpa fedha mbele ya watu. Msomaji aangalie kwamba kitenzi hichohicho maana yake pia ni kulea na kuhifadhi. Sijui lugha nyingine ninayoifundisha inayoyaweka mambo hayo mawili katika neno moja.

Mtu ambaye maisha yake yanatufaa zaidi kuyatazama ni Mwenda Jean Bosco, maarufu kwa jina la Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi. Wimbo wake "Masanga" ulimpatia jina mbali sana na kwao, na wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wameusoma kidole kwa kidole. Mtu angetazamia kwamba umaarufu wa namna hiyo ungemlisha peke yake. Haikuwa hivyo, wala yeye mwenyewe hakuutegemea. Alifanya kazi benki. Baadaye alifanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, akaingia siasa za Lubumbashi, akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Alikaa Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, akaimba matangazo ya dawa ya Aspro. Yaani gitaa lilelile lililopiga "Masanga" liliwaambia watu wameze kidonge kichwa kikiwauma. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ni kuidhalilisha sanaa. Mimi silioni hivyo. Dawa ililipa, na sauti ilibaki yake. Zaidi ya hayo aliongoza bendi ya Super Shaba, akawa yeye ndiye mwenye bendi, si mwajiriwa wa bendi. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia.

Tanzania ilishika njia nyingine kabisa, na hapo ndipo suala letu la "malipo yote" linapopata uzito. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Mashirika mengine, polisi, jeshi na jumuiya ya vijana nayo yakawa na bendi zao. Mwanamuziki akawa mtumishi: ana mshahara wa mwezi, ana ala nzuri za kupigia, ana gari la kumpeleka mikoani. Kwa mtu aliyezoea kupiga vilabuni kwa chakula na nauli, hiyo ilikuwa neema kubwa, na haifai tuibeze. Nyimbo zilizotoka katika bendi hizo ni hazina ya Kiswahili. Wengi wetu tuliozaliwa mbali na pwani tulijifunza Kiswahili fasaha kwa kuzisikiliza redioni kabla ya kufungua kitabu chochote.

Ila gitaa lilikuwa la shirika. Ngoma zilikuwa za shirika, na jina la bendi pia. Mwanamuziki aliyetaka kuhama alitoka mikono mitupu, na ndiyo maana tunasikia habari nyingi za wanamuziki kuhama kwa makundi kutoka kwa mwajiri mmoja hadi kwa mwingine: bila mwajiri hapakuwa na ala. Mwaka 1978, kwa mfano, Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake walikusanyika katika Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa na shirika la magari ya teksi na usafiri, na ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, zikapigwa miaka na miaka, lakini mrabaha haukumfikia mtunzi. Aliyetaka santuri aliangalia Nairobi, kama alivyofanya Mbaraka Mwinshehe, ambaye sahani zake zilitoka huko. Yeye alifariki Mombasa mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Mshahara basi ulikuwa "malipo yote". Ulilipia usiku wa leo, na bila ya mtu kuliandika popote, ulilipia pia kila usiku utakaofuata ambao wimbo huo utapigwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, chombo kilichopewa wakati huo kazi ya kukusanya mirabaha, ilikuja wakati wengi wa watunzi hao wameshazeeka au wameshazikwa. Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuimba. Ikajulikana kwamba hana hata chombo cha usafiri. Kijana Diamond Platnumz, ambaye riziki yake hutoka katika matamasha, matangazo ya biashara na mauzo ya nyimbo zake, alimpa gari. Mzee alifariki mwaka uliofuata.

Ng'ambo yetu, Kongo, wamebuni mlango mwingine ambao vijana wa Bugarama wanaujua vema: kutupa libanga. Mtu humlipa mwanamuziki ili jina lake litajwe ndani ya wimbo. Nyimbo nyingine zimejaa majina ya wafanyabiashara na wakubwa hata huoni mahali pa shairi. Sipendi kuzisikiliza, nakiri, lakini siwezi kumlaumu anayeziimba, kwani wapiga inanga wa zamani nao walitaja majina ya waliowapa ng'ombe.

Habari hizi nilimsimulia yule kijana kwa kifupi, chai ikipoa. Kisha tukarudi kwenye karatasi. Tulilifuta neno "yote", tukaandika: haya ni malipo ya kupiga muziki usiku mmoja, tuzo za wageni ni za wanamuziki, atakayenasa nyimbo kwa kuuza apatane nao kwanza. Mwenye arusi alilikubali sharti la tuzo, la kunasa nyimbo akalikataa katakata. Kijana alikwenda kupiga hivyo hivyo, kwa sababu mpunga ulikuwa haujavunwa.