Unataka Ampu ya Besi ya Zamani? Cheki Hizi Vitu Kabla Utume Doo

Kama unapiga besi Kaptembwo, iwe ni kanisani, kwa bendi ya mugithi ama mnajaribu benga na wasee wa mtaa, unajua vile huenda. Unauliza bei ya amplifaya mpya ya maana, unarudi keja kimya. Halafu msee anakutumia picha ya ampu ya zamani, kitambaa cha mbele kimeraruka, bei iko chini. Tulia kwanza.

Ampu ya zamani inaweza kukutumikia miaka mingi bado. Inaweza pia kukupiga shoti ukiwa umeshika maiki. Hizi ndizo vitu za kucheki.

Jua ni gani unanunua

Ziko aina mbili kubwa. Kuna za transista, na kuna za valvu, yaani zile chupa ndogo za glasi zinawaka rangi ya machungwa ndani.

Peavey ni jina utakutana nalo sana kwa transista. Hartley Peavey alianzisha kampuni Mississippi, Marekani, mwaka wa 1965, na ampu zake za besi kama TNT na TKO zilipata sifa ya kuvumilia kazi ngumu.

Kwa valvu kuna majina mazito. Fender Bassman ilitoka 1952 ikiwa ya besi, lakini wapiga gitaa la kawaida wakaipenda, na ampu ya kwanza ya Marshall kule London ilijengwa kwa kufuata sakiti yake. Ampeg SVT ilikuja 1969 na wati 300, na Rolling Stones wakaibeba kwa ziara yao ya Marekani mwaka huo huo. Kichwa chake peke yake, bila boksi la spika, ni zaidi ya kilo 35. Hiyo usiitishe boda.

Kama hii ndio ampu yako ya kwanza, tafuta transista. Valvu huisha nguvu na lazima zibadilishwe, na fundi wa kuzijua vizuri si rahisi kumpata.

Pia usiuziwe ampu ya gitaa la kawaida ukiambiwa "ni sawa tu." Uzi mnene wa besi, ile E ya chini, hutoa sauti ya 41 Hz. Spika ya gitaa haikutengenezwa kusukuma hewa hivyo, na ukiipandisha sauti karatasi yake inapasuka. Wewe unataka ile besi inatembea kama ya Tom Malanga kwa nyimbo za Les Wanyika, si kelele ya bati.

Geuza nyuma, soma volti

Hapa ndipo wengi huchomeka. Kenya tunatumia volti 240. Marekani ni 120. Ampu iliyotoka huko ukiichomeka moja kwa moja kwa soketi ya Kapte, inaweza kufa kwa sekunde chache, na moshi juu.

Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 220 ama 240, uko sawa. Kikisema 110, 117 ama 120, angalia kama kuna swichi ya kubadilisha volti. Zingine ziko nayo. Kama haina, utahitaji transfoma ya kushusha volti, ile wauzaji huita stepdauni. Nunua yenye wati karibu mara mbili ya zile ampu inakula, si ile ndogo ya kuchaji vitu.

Jua pia kwamba stima ya Marekani ni 60 Hz na yetu ni 50 Hz. Stepdauni haibadilishi hiyo. Transfoma ya ndani ya ampu inaweza kupata joto zaidi, kwa hivyo iguse kila baada ya muda siku za kwanza. Ikichoma mkono, zima.

Usiamini plagi. Plagi ya Kenya inaweza kufungwa kwa waya wa ampu yoyote. Amini kibandiko, halafu fundi athibitishe.

Ijaribu kama unaenda shoo

Beba gitaa lako na kebo yenye unajua ni nzima. Muuzaji akikataa ujaribu, hiyo ni jibu. Fuata hii order:

1. Nusa nyuma kabla ya kuwasha. Harufu ya kuungua haijifichi.
2. Fungua fyuzi. Ukipata imefungwa na karatasi ya sigara ama kipande cha waya, kuna shida ilikuwa inafichwa.
3. Washa bila gitaa, sauti ikiwa sifuri. Mngurumo kidogo ni kawaida. Mngurumo mkubwa mara nyingi ni kapasita zimezeeka, na hizo hukauka na miaka hata kama ampu haikutumika.
4. Zungusha kila kitufe. Kelele ya kukwaruza ni uchafu, inasafishika. Sauti ikipotea kabisa, ni kazi zaidi.
5. Piga E ya chini kwa sauti ya shoo, dakika 20 nzima. Kuna ampu huimba dakika tano za kwanza kisha zinazima zikipata joto.
6. Zima, sukuma karatasi ya spika polepole na vidole vya mikono yote miwili. Ukiskia inakwaruza ndani, koili imeenda.

Doo na karatasi

Usitume deposit ya "kukushikilia." M-Pesa inaenda ukishajaribu, ukiwa umesimama mbele ya kitu.

Vyombo vya makanisa na bendi huibiwa. Sheria ya Kenya, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, inamhusu mtu anayepokea mali ya wizi akijua ama akiwa na sababu ya kujua, na kifungo kinaweza kufika miaka 14. Kwa hivyo andikeni karatasi: jina, namba ya kitambulisho, namba ya siri ya ampu, bei, tarehe, sahihi. Piga picha. Bei ikiwa chini sana na muuzaji anaharakisha, toka.

Na usimalize doo yote kwa kununua. Weka kama robo kando ya fundi. Ampu ya zamani bila pesa ya fundi ni stuli.

Wacha fundi afungue, si wewe

Kapasita hushika stima hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa ampu za valvu inaweza kuwa zaidi ya volti 400. Hiyo inaua. Ukienda kwa fundi, mwambie afanye vitu tatu: apime kapasita, abadilishe zilizoisha, na ahakikishe waya ya erthi imefungwa kwa bodi ya chuma. Ampu nyingi za kitambo za Marekani zilikuja na waya mbili tu, bila erthi. Lazima iwekwe ya tatu.

Erthi si mapambo. Ushawahi gusa maiki na mdomo ukiwa umeshika besi, ukaskia inakuwasha? Hiyo ni stima inatafuta njia kupitia kwako. Usizoee. Zima kila kitu, kisha fundi wa stima acheki soketi, juu ploti zingine soketi iko na tundu la erthi lakini ndani hakuna waya.

Sasa itunze

Vumbi: watu wengi husema jina Nakuru lilitoka kwa neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na ukikaa Kapte wakati wa kiangazi huhitaji mtu akuelezee. Funika ampu na kitambaa ikishapoa, kamwe si ikiwa moto. Toa vumbi na brashi laini. Vitufe visafishwe na dawa ya kupuliza ya vifaa vya stima, si mafuta ya kupika wala petroli.

Maji: usiiweke chini kwa simiti, hasa kuanzia Machi mvua ikianza. Mbao za boksi hufura. Inua na vipande viwili vya mbao. Hiyo pia inapunguza mende, wanaopenda sana joto la ndani.

Stima: ikipotea, chomoa plagi. Stima huweza kurudi na nguvu nyingi. Ngoja dakika chache itulie.

Spika: soma ohmu. Boksi mbili za ohmu 8 zikiungwa kwa kawaida zinakuwa ohmu 4. Ampu ya transista ikiandikwa 4 ndio mwisho, usishuke chini ya hapo. Ya valvu usiwahi kuiwasha bila spika, itachoma transfoma ya kutoa sauti.

Majirani: besi hupita ukuta wa ploti kama haupo. Ukifanyia mazoezi keja, shusha sauti na uinue boksi kwa sponji nene. Caretaker akikuja, hatakuuliza kama ni Ampeg ama Peavey.

Mwisho, weka daftari ndogo nyuma ya boksi. Andika tarehe, kilichobadilishwa, na nani alibadilisha. Siku ukitaka kuiuza, hiyo daftari itaongea bei kukushinda wewe.